Upepo katika Breki si Kosa la Dreva



Sisi watu wa reli twaupenda upepo. Bwana George Westinghouse wa Marekani alipata hati ya breki ya upepo mwaka 1869, na mpango alioutengeneza baadaye ndio utulindao mpaka leo: bomba likikatika, upepo hutoka, na breki za mabehewa yote hukaza zenyewe. Treni husimama.

Katika gari la breki za mafuta mambo ni kinyume. Mafuta hayabonyei, kwa hiyo nguvu ya mguu wa dreva hufika kwenye gurudumu. Upepo ukiingia ndani hubonyea, mguu huzama, na gari laendelea kwenda.

Nayasema haya kwa sababu ya jambo nililoliona Hulugho, katika kaunti ya Garissa, karibu na mpaka wa Somalia. Nilikwenda likizo kumwona shemeji yangu, dreva wa Land Cruiser ichukuayo watu na mizigo kutoka Masalani. Pedali yake ilikuwa laini kama mkate uliolowa chai. Alimwambia tajiri wake mara tatu. Kila mara jibu lilikuwa, "Piga pampu, itashika." Siku moja ngamia walivuka njia. Alipiga pampu, haikushika, akaingiza gari vichakani. Ashukuriwe Mungu, hakufa mtu. Lakini taa na bampa zilivunjika, na mwisho wa mwezi tajiri alizikata katika mshahara wake.

Mimi na shemeji tuliweka mawe kwenye magurudumu, tukalala chini ya gari. Mpira wa breki uendao ekseli ya nyuma ulikuwa umepasuka. Tulingoja mpya kutoka Garissa, tukaufunga, kisha tukatoa upepo. Kazi hii yataka watu wawili tu. Jaza mafuta ya breki koponi. Anza na gurudumu lililo mbali zaidi na master silinda. Kwa magari yetu ya usukani wa kulia, ni la nyuma kushoto. Tia kimpira cheupe kwenye skrubu ya kutolea upepo, na ncha yake izame katika chupa yenye mafuta ya breki. Mwenzako akanyage pedali na kuishikilia. Wewe legeza skrubu, mafuta na mapovu yatoke, kisha kaza kabla hajaondoa mguu. Rudia mpaka mapovu yaishe. Halafu nyuma kulia, mbele kushoto, mbele kulia. Kopo lisikauke, maana upepo utaingia tena. Mafuta yaliyotoka usiyarudishe.

Tena, jueni dalili. Pedali laini, ni upepo. Pedali yashuka pole pole wala hakuna uvujaji nje, raba za master silinda zimekwisha. Yaenda chini lakini yapanda ukikanyaga mara ya pili, yamkini shu zataka kurekebishwa. Gari lavuta upande mmoja, tazama kama silinda ya gurudumu imekwama au shu zimelowa mafuta.

Mtu asiwadanganye mtie maji au oili ya injini. Oili huvimbisha raba. Na mafuta ya breki yenyewe hunywa maji ya hewani: yale ya DOT 3 yakiwa mapya hayachemki kabla ya nyuzi 205, lakini yakizeeka huweza kuchemka kwa 140. Mvuke nao hubonyea kama upepo.

Sasa nauliza: kosa lilikuwa la nani? Dreva alisema mara tatu. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, yaruhusu kumkata mfanya kazi kwa mali iliyoharibika ikiwa aliiharibu kwa makusudi. Je, kuwakwepa ngamia ni makusudi? Na Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka huo huo, kifungu cha 14, yasema mfanya kazi akitoa habari ya hatari kubwa, asilazimishwe kurudi penye hatari hiyo kabla haijaondolewa.

Lakini shemeji alisema kwa mdomo tu, na maneno ya mdomo huchukuliwa na upepo. Basi, madreva na matanboi, nunueni daftari. Andikeni ubovu, tarehe na saa. Nakala moja mpeni tajiri, moja ibaki kwenu. Gari lisilo breki lisitoke. Na dreva mmoja akikataa, wenzake wasikimbilie kulichukua lile gari kwa kutafuta sifa. Tajiri akipata mmoja wa kukubali, sote tumeshindwa.

Katiba ya 2010, kifungu cha 41, imetupa haki ya kujiunga na chama. Dreva aliye peke yake kule Hulugho yuko kama behewa lililokatika. Tumfunge kwenye treni.

Wenu katika kazi,
Mfanya kazi wa Reli