Ukichelewesha Fuliza unatozwa, mbona mteja anayekuchelewesha hatozwi?

Ukikopa kwa Fuliza ukachelewa kurudisha, ada inapanda kila siku. Hakuna wa kumbembeleza. Lakini mteja uliyemchorea nembo au kumpikia chakula cha hafla anaweza kukaa na chapaa zako miezi 3, na ukimpigia simu anakwambia, “Bosi, nitakusoti wiki ijayo.” Huo ni mkopo usio na riba, na aliyeutoa ni wewe.

Programu za uhasibu zina dawa yake. Kwenye QuickBooks, kwa mfano, unachagua ada ya kuchelewa: kiasi kimoja au asilimia ya salio, na siku ngapi za kumvumilia mteja kabla haijaanza kuhesabiwa. Baada ya hapo programu inafanya hesabu yenyewe. Ankara ya Sh60,000 kwa asilimia 2 kwa mwezi inazaa Sh1,200. Hizo si pesa za kununua ploti, ila zinamkumbusha mteja kwamba kuchelewa kuna bei.

Tatizo ni kwamba kubonyeza kitufe hakukupi haki. Kama ada hiyo haikuwa kwenye makubaliano kabla ya kazi kuanza, mteja atakuuliza umeitoa wapi, na ni vigumu kumlazimisha alipe. Tena usiweke asilimia ya kukomoa. Mahakama inaweza kuikataa.

Kuna pia suala la nguvu. Ni rahisi kumtoza mama wa duka, lakini kampuni kubwa inakuletea masharti yake, na ukileta shida inatafuta mwingine. Ndiyo maana malipo ya awali, hata nusu, mara nyingi yanakulinda kuliko ada yoyote.

Usidhani serikali ni tofauti. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2015 inataka taasisi za umma zilipe riba kwa malipo yaliyochelewa, lakini kaunti bado zina madeni ya wasambazaji, wakiwemo vijana waliokopa ili watimize tenda. Na kama umesajiliwa kwa VAT, KRA haingoji ulipwe. Ukishatoa ankara, asilimia 16 inadaiwa kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata.

Mteja akikataa kabisa, Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi Sh1 milioni, na sheria inaitaka iamue ndani ya siku 60. Unaweza kujiwakilisha. Utahitaji kotesheni iliyokubaliwa, ankara na ujumbe wa WhatsApp unaoonyesha kazi ilipokelewa.

Kwa hivyo kabla ya kugusa programu, fungua kotesheni yako leo uongeze mstari mmoja: “Malipo ni ndani ya siku 14, baada ya hapo, asilimia 2 kwa mwezi.” Mteja akiuona mapema na akakubali, hata simu ya kumkumbusha utaipiga bila kuona haya.