Acheni Kulipia Difragi Kila Mwezi

Wasee, leo nitawaharibia watu fulani biashara. Kuna huduma inauzwa kwa maduka ya jumla, famasi na hardware za mtaani, inaitwa "kusafisha seva". Jamaa anakuja na mkoba, anafungua ile programu ya Windows ya kupanga diski, anabonyeza kitufe, anaitisha chai, na baada ya saa tatu anaandika risiti. Mwezi ujao anarudi, na ule mwingine pia. Difragi yenyewe si uongo. Ila kuilipia kila mwezi ni kutibiwa ugonjwa ambao daktari anajua utarudi, kwa sababu ameacha chanzo pale pale.

Mimi chuo niliacha mwaka wa pili, kwa hivyo sitawapa lekcha. Kumbuka tu daftari lako la sekondari. Umeandika Bayolojia mbele, halafu ukaanza Historia katikati kwa sababu nyumbani walikataa kununua daftari lingine. Bayolojia ikajaa, ukaandika pale chini "inaendelea nyuma". Nyuma nako kukajaa. Siku ya kusomea mtihani unafunua kurasa kuliko unavyosoma. Faili ya hifadhidata kwa diski huwa hivyo. Windows inakuonyesha jina moja, lakini vipande vyake vimetapakaa diski nzima. Difragi ni kuliandika upya daftari ili Bayolojia yote ikae pamoja.

Kwa diski za zamani, zile zinazozunguka, huko kufunua kuna bei na unaweza kuipigia hesabu. Diski ya mizunguko 7200 kwa dakika humaliza mzunguko mmoja kwa milisekunde 8.3 hivi, so kwa wastani unangoja nusu ya hapo data ifike chini ya kichwa cha kusomea. Ongeza milisekunde 8 au 9 za kichwa kuhama. Jumla ni kama 12 kwa kila kuruka. Sasa, kwa diski inayotoa MB 150 kwa sekunde, kusoma MB 1 iliyonyooka ni kama milisekunde 7. Yaani kukitafuta kipande ni kazi kubwa kuliko kukisoma.

Na hapo ndipo siri iko. SQL Server ikijaza faili yake, huirefusha yenyewe. Kabla ya toleo la 2016, usipogusa mpangilio ilikuwa inaongeza MB 1 kwa mara moja. MB moja, manze! Shangazi yangu ana duka la jumla linalotumia toleo la bure, Express ya 2014, ambalo hifadhidata yake mwisho ni GB 10. Ukifika huko kwa hatua za MB 1, faili imerefushwa karibu mara 10,000. Katikati ya hizo mara zote, picha, PDF na masasisho ya Windows yanakuja kukaa jirani yake. Hali ikiwa mbaya kabisa na kila MB iko peke yake, faili ya GB 10 ambayo ingesomwa kwa sekunde 68 hivi inachukua dakika tatu na ushee.

Basi fundi anafanya difragi Jumapili, vipande vinakaa pamoja, anaenda. Jumatatu duka linafunguliwa na faili inaongeza MB 1 tena. Nambari moja tu ingebadilishwa hadithi iishe: iambie ikue kwa MB 512, ama bora zaidi, ipe nafasi ya mwaka mzima mara moja halafu uisahau. Ni kazi ya dakika mbili. Na ukiwa hapo, zima ile AUTO_SHRINK. Hiyo hubana faili kwa kuchukua kurasa za mwisho na kuzisukuma kwa mashimo ya mbele bila kujali mpangilio, indeksi zinavurugika, halafu kesho faili inahitaji nafasi na kukua upya. Sijawahi kuona ikisaidia duka la mtu.

Kuna pia vurugu ya ndani, ambayo programu ya Windows haiioni hata kidogo. SQL Server hupanga data kwa kurasa za KB 8, na ndani ya indeksi hizo kurasa zinaweza kuwa zimeruka mpangilio hata kama faili yenyewe ni kipande kimoja safi. Hiyo dawa yake ni ALTER INDEX, yenye REORGANIZE au REBUILD. Utaambiwa ati ikizidi asilimia 5 fanya ya kwanza, ikizidi 30 fanya ya pili, kama vile ni sheria ya fizikia. Paul Randal, aliyekuwa akiijenga SQL Server kule Microsoft, ameandika wazi kwamba nambari hizo alizichagua yeye ili watu wawe na pa kuanzia. Watu wakazifanya amri.

Sasa usitarajie muujiza. Keshia akitafuta risiti moja, diski inaruka mara chache tu, faili iwe imepangwa au imetapakaa. Mashine ya keshia ikiwa nzito, angalia RAM na indeksi zinazokosekana. Difragi itasikika kwa ripoti ya mwisho wa mwezi, ile inayosoma kila kitu kutoka mwanzo. Na kama seva ina SSD, mwambie fundi akunywe chai aende. SSD haina kichwa cha kuhamahama. Windows yenyewe, tangu toleo la 7 la 2009, ilizima ratiba ya difragi ikigundua SSD. Ukiilazimisha unaichosha kwa kuandika tu.

Kitu kilichonikasirisha hadi nikaandika hii ni kingine. Difragi ni kusoma na kuandika upya sehemu kubwa ya diski. Diski iliyoanza kufa inaweza kumalizikia hapo hapo. Ndani ya ile faili ya shangazi kuna madeni yote ya wateja: nani alichukua magunia mangapi ya unga, nani amelipa nusu. Nikamuuliza fundi bekapu iko wapi. Akanionyesha D. Nikafungua mpangilio wa diski: C na D ni diski moja iliyogawanywa mara mbili! Ikianguka, zinaanguka zote, na amekuwa akiikimbiza hivyo kila mwezi. Shangazi hata hakujua kuna swali la kuuliza. Yeye aliona rangi zikitembea kwa skrini akajua kazi inafanyika.

Tulivyofanya ni hivi. Bekapu kwa diski ya nje, halafu tukairudisha kwa laptop yangu kuona kama inafunguka kweli. Tukasimamisha huduma ya SQL Server usiku. Tukahakikisha kuna nafasi ya kutosha, kwa sababu diski ikijaa vipande havina pa kuhamia. Kisha tukatumia Contig, programu ya bure ya Mark Russinovich kutoka Sysinternals, ambayo hupanga faili moja unayoitaja bila kusumbua diski nzima. Ilikuwa vipande elfu kadhaa. Tukabadilisha ile nambari ya ukuaji, basi.

Na usihangaike kutafuta kipande kimoja kamili. Difragi ya Windows tangu enzi za Vista huviacha vipande vya MB 64 na zaidi, na ni sawa: kwa diski yetu ya MB 150, kipande kama hicho kinasomwa milisekunde 427 hivi, na kuruka kwa 12 hata hutaona.

Najua mafundi watauliza, kwani sisi tutakula nini? Kuna kazi ya kila mwezi kwa kila duka, na ningeilipia bila kelele: chukua bekapu, itoe nje ya jengo, irudishe kwa mashine nyingine mwenye duka akiangalia, afungue deni moja la mteja analolijua kwa kichwa aone kama shilingi ni zile zile. Kisha andika risiti yako.