Gramu 40 za Kwenye Lebo

Mwaka 2015 mnunuzi mmoja aliishtaki kampuni ya MusclePharm huko California kwa sababu ya kopo la unga. Ulikuwa unga wa kujenga misuli uliouzwa kwa jina la Arnold Schwarzenegger, na lebo iliahidi gramu 40 za protini kwa kila pimo: protini ya nyama ya ng'ombe na ya laktoferini, inayopatikana kwenye maziwa. Mdai alisema karibu nusu ya gramu hizo hazikuwa protini.

Zilikuwa nini basi? Hapo ndipo penye ufundi. Kwa kawaida maabara haihesabu protini yenyewe. Hupima naitrojeni iliyomo, kisha huzidisha kwa 6.25, kwa kuwa protini huwa na naitrojeni kama asilimia 16. Sasa tia humo kreatini, ambayo ni rahisi kuliko protini ya maziwa. Kreatini si protini, lakini naitrojeni inayo tele, kama asilimia 32. Gramu moja ikiingia kwenye mchanganyiko, hesabu ya maabara inaisoma kama gramu mbili za protini. Muuza maziwa anayeongeza maji hukamatwa kwa kipimo. Huyu wa unga, kipimo ndicho kinachomficha.

Hila hiyo si ngeni. Nchini China, mwaka 2008, wafanyabiashara walitia melamini kwenye maziwa ili naitrojeni isome juu. Watoto sita walikufa na wapatao 300,000 waliugua. Kreatini haifanani na melamini kwa sumu, na wapo wanamichezo wanaoinunua kwa hiari yao. Tatizo ni kuuziwa kreatini kwa bei ya nyama.

Mwaka 2018 Mahakama ya Rufaa ya Marekani, ile ya majimbo ya magharibi, ilitoa uamuzi wa kushangaza kidogo. Sheria ya shirikisho inaruhusu protini ihesabiwe kwa naitrojeni, kwa hiyo tarakimu 40 yenyewe haikushitakika. Lakini kumfanya mteja aamini kwamba protini yote imetoka kwenye nyama na laktoferini, hilo lilishitakika, na kesi ikarudishwa iendelee. Kwa maneno mengine, mtengenezaji akiandika "gramu 40" yuko salama. Akimtaja ng'ombe, ajiandae.

Mahakama haistahili lawama. Lawama ni ya sheria ya Marekani ya mwaka 1994, inayowaruhusu watengenezaji wa virutubisho kuviingiza sokoni bila idhini ya mamlaka ya chakula na dawa, FDA. Serikali huja nyuma, mzigo ukiwa umeshauzwa. Mwaka 2015 ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa New York ilipima vinasaba vya dawa za mitishamba kutoka maduka manne makubwa, Walmart likiwamo, na ikasema bidhaa nyingi hazikuonyesha dalili ya mmea uliotajwa kwenye lebo. Wapo wataalamu waliokipinga kipimo chenyewe. Hata hivyo mnunuzi wa kawaida hana hata hicho cha kubishia.

Kwa mwanamichezo hasara haiishii mfukoni. Kanuni za kupambana na dawa zilizokatazwa humtwika yeye kila kinachokutwa mwilini mwake, awe alijua au hakujua. Muogeleaji Kicker Vencill wa Marekani alikutwa na homoni iliyokatazwa mwaka 2003. Alipeleka vidonge vyake vya vitamini maabara, vikakutwa na uchafu wa homoni ambao lebo haikuutaja. Alifungiwa miaka miwili vilevile. Akaishtaki kampuni, na Mei 2005 baraza la mahakama likamwamulia zaidi ya dola 500,000. Olimpiki ya Athens ilikuwa imemalizika tangu Agosti ya mwaka uliotangulia.

Wala hakuwa peke yake. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 maabara ya Cologne, Ujerumani, ilipima virutubisho 634 kutoka nchi 13, na 94 kati yake vilikuwa na homoni ambazo hazikuandikwa popote.

Makopo ya namna hii yamo pia katika majimu ya Dar es Salaam na Nairobi, na Kenya ina wakimbiaji wanaopimwa mara kwa mara kuliko wengi duniani. Kijana wa Iten, mji wa wakimbiaji huko Kenya, hana wakili wa California. Mwenye mashindano mbele yake na atafute nembo ya Informed Sport, ambayo kila toleo la bidhaa inayoibeba hupimwa kabla ya kuuzwa, kisha alinganishe namba ya toleo kwenye kopo na orodha yao.

Nao TBS, shirika la viwango la Tanzania, waliokabidhiwa usalama wa chakula mwaka 2019, pamoja na wenzao wa KEBS wa Kenya, wamtake mwagizaji alete majibu ya maabara yanayotaja kila asidi amino, yaani vijenzi vya protini, na kreatini kando, kwa gramu. Karatasi yenye jumla ya protini peke yake irudishwe bandarini na mzigo wake.