NYUMBANI KWETU: Televisheni Isimwache Mtu Nje

Mwezi huu tuzungumze juu ya chombo ambacho siku hizi kimekaa sebuleni kama mgeni asiyeaga, yaani televisheni pamoja na king'amuzi chake.

Tangu mitambo ya analojia ilipoanza kuzimwa nchini, Dar es Salaam ikitangulia tarehe 31 Desemba 2012, ving'amuzi vimeingia katika nyumba nyingi, iwe Kashai na Hamugembe mjini Bukoba, au Nshamba na Kamachumu wilayani Muleba. Wengine wamepata hata vile vinavyorekodi, ili tamthilia imsubiri mama hadi atoke shambani. Fundi hufunga dishi, hupokea fedha yake na kwenda zake. Rimoti hushikwa na baba na vijana. Sisi tunajua kuwasha, kuongeza sauti na kubadili stesheni, basi.

Hata hivyo, ndani ya rimoti hiyo yamo mambo matatu ambayo kila mama yafaa ayajue: umbo la picha, sauti na maandishi. Tusiyaone kuwa mambo ya mafundi. Yanahusu nani anakaa nasi jioni na nani anajiondoa kimya kimya kwenda chumbani.

Umbo la picha

Bonyeza kitufe cha Menu, kisha utafute neno Settings, na ndani yake Picture au Video. Utakuta 4:3 na 16:9. Ya kwanza ni ya televisheni za zamani, zile za chogo. Ya pili ni ya televisheni bapa. Ukichanganya, watu wataonekana wanene kupita kiasi au warefu kama milingoti. Neno Zoom lina hatari yake: hukuza picha na kukata kingo zake. Maandishi ya chini huweza kupotea, na hata mkalimani wa lugha ya alama anayesimama pembeni wakati wa habari huweza kukatwa. Kama nyumbani yuko asiyesikia, umemfungia mlango bila kujua. Mwanga na rangi, kwa kawaida, hurekebishwa kwa rimoti ya televisheni yenyewe.

Sauti

Hapa ndipo penye ugomvi. Bibi anasema hasikii, vijana wanaongeza sauti, mtoto mchanga anaamka, baba anafoka. Mwishowe bibi anasema amechoka, anaingia kulala saa mbili usiku. Si kuchoka. Ni aibu ya kuwa mzigo.

Tuelewe kwamba masikio ya uzeeni kwa kawaida hupoteza kwanza sauti nyembamba. Mzee husikia kwamba mtu anasema, lakini maneno hayashiki. Kwa hiyo kupandisha sauti peke yake hakutoshi. Nenda Settings, kisha Audio. Kama pameandikwa Dolby au Surround na televisheni yako haina spika za ziada, jaribu Stereo au PCM. Mara nyingi muziki wa filamu hushuka na maneno huja mbele. Kwenye televisheni punguza besi. Kama kuna chaguo la Speech au Clear Voice, lichague. Kumbuka pia kwamba king'amuzi na televisheni kila kimoja kina sauti yake. Ya king'amuzi iache juu, uongeze na kupunguza kwa ile ya televisheni.

Baadhi ya stesheni hutoa kipindi kimoja kwa lugha mbili, nawe huchagua kwa kitufe cha Audio au Lang. Lugha ina nguvu yake. Mwaka 2011 TBC ilionyesha tamthilia ya Kichina juu ya bibi harusi Dou Dou na mama wakwe zake, ikiwa imetiwa sauti za Kiswahili, na wakwe wa kwetu wakajiona humo.

Maandishi

Tafuta kitufe cha Subtitle au Sub, uchague On, kisha lugha. Tuseme kweli: maandishi ya Kiswahili bado ni machache, mengi ni ya Kiingereza, na vipindi vingi vya hapa nchini havina kabisa. Yale yaliyochapwa ndani ya filamu yenyewe hayaondoki. Ving'amuzi vingi vinavyorekodi huhifadhi maandishi pamoja na kipindi, hivyo waweza kuyawasha wakati wa kurudia. Tena hayamfai kiziwi peke yake. Nchini India, tangu mwaka 1999, nyimbo za filamu zilionyeshwa kwenye televisheni na maneno yake chini kwa lugha ile ile, ili wanaosoma kwa shida wajizoeze.

Mtoto anayesogelea kioo

Sasa tufike penye uzito. Yupo mtoto ambaye kila mara hukaa karibu kabisa na televisheni na kuongeza sauti. Ukimwita akiwa amekupa mgongo haitiki. Shuleni wanasema hasikilizi. Nyumbani tunamwita mkaidi, na fimbo inafuata. Mama, kabla ya fimbo, mwite kwa sauti ya kawaida kutoka nyuma, televisheni ikiwa imezimwa. Rudia siku nyingine. Kama haitiki, mpeleke apimwe masikio. Anza na kituo cha afya kilicho karibu, au hospitali kama Rubya na Ndolage kwa walio Muleba, au hospitali ya mkoa kwa walio Bukoba.

Shirika la Afya Duniani linasema karibu asilimia 60 ya upotevu wa kusikia kwa watoto hutokana na sababu zinazoweza kuzuilika. Miongoni mwake ni surua na usaha masikioni usiotibiwa. Usimtie mafuta wala maji ya majani sikioni. Na ikiwa mtoto hasikii kabisa, asifichwe ndani. Mugeza, Bukoba, iko shule ya msingi ya viziwi.

Mwisho, mama, chukua daftari uandike namna king'amuzi chako kilivyopangwa sasa, ndipo uanze kujaribu. Usiguse Factory Reset, kwa maana hufuta mipango yote na mara nyingi stesheni hutafutwa upya. Jioni moja wiki hii mwombe kijana akuonyeshe, kisha ufanye kwa mkono wako mwenyewe. Mwite bibi akae mbele, umwulize, "Mama, maneno yanasikika?" Usimwache ajibu kwa heshima tu. Mwulize mtu yule amesema nini.