Bomba Likikohoa Mvuke, Zima Hita

Ndugu zangu, mwenye hita ya umeme bafuni, naomba leo afungue bomba la maji moto asikilize. Likikohoa na kutema mvuke kabla ya maji, hita hiyo ina hitilafu. Sisi nyumbani tuliisikia wiki nzima, tukawa tunaongeza maji baridi kwenye beseni na kunyamaza. Jioni moja mpwa wangu wa miaka 3 akafungua bomba mwenyewe. Tunashukuru viliungua vidole viwili tu.

Maji ya nyuzi 60 humuunguza mtu mzima kwa takriban sekunde 5. Mtoto huungua upesi zaidi, ngozi yake ni nyembamba.

Mara nyingi kilichoharibika ni thamostati, kidude cha kukata umeme maji yakishafika joto linalotakiwa. Ncha zake zikigandana, umeme haukatiki, na tangi linaendelea kuchemka. Zima swichi ya hita ukutani, uache maji yapoe, kisha umwite fundi umeme. Usifungue kifuniko mwenyewe. Fundi naye asiondoke kabla hajapima kwa kipimajoto maji yanayotoka bombani. Asikushushie tangi hadi maji ya uvuguvugu, maana humo bakteria wa mapafu huzaliana. Tangi libaki kwenye 60, na bafuni iwekwe valvu ya kuchanganya maji.

Kuna jambo linaloniuma zaidi. Kwenye tangi pana valvu ndogo ya usalama inayopunguza presha. Nimeona kwa macho yangu mdomo wake umezibwa kwa kipande cha mti kilichozungushiwa mpira wa baiskeli, eti inalowesha ukuta. Nawasihi, iacheni itoe maji, mwivutie bomba hadi nje. Tangi linalochemka bila pa kupumulia linaweza kupasuka na kubomoa ukuta.

Wenye nyumba, mpangaji akipiga simu kwamba maji yanaunguza, msimwambie avumilie hadi mwisho wa mwezi. Mtumieni fundi siku hiyo hiyo.

Na mtu akiungua, mshikieni sehemu iliyoungua chini ya maji baridi ya bomba yanayotiririka, dakika 20. Dawa ya meno, unga na yai viacheni jikoni.

Ukimaliza kwako, mgongee jirani, hasa mzee anayeishi peke yake. Mfungulie bomba, msikilize pamoja.