Kroshia haina bei ya mtumba

Zamani kidogo, kroshia ilikuwa ni vile vitambaa vyeupe vya kufunika makochi, ambavyo mgeni akiegemea vinanasa kwenye shati na kuondoka naye hadi mlangoni. Sasa imevaliwa. Fungua simu yako uone: topu za mgongo wazi, sketi za kwenda nazo ufuoni, mikoba, kofia za kushuka hadi kwenye nyusi. Na wengi wanaozifuma ni vijana wa rika letu, wanachuo na wale waliomaliza chuo wakakosa kazi, wenye sindano moja ya ndoano na begi la nyuzi chini ya kitanda.

Halafu shuka chini ya hizo picha usome maoni. Mtu anauliza bei, anajibiwa elfu tatu na mia tano, anaruka: "Ai! Na Gikomba napata topu kwa soo mbili?" Mwingine anasaidia: "Kwani si ni uzi tu?"

Sisi tunaona bei hiyo si ghali. Mara nyingi hata iko chini ya inavyofaa, na anayeumia ni yule aliyefuma.

Ukweli ambao wanunuzi wengi hawaujui ni huu. Sweta ya shule inafumwa na mashine. Kufuma kwa sindano mbili ni kupanga vitanzi vingi kwenye mstari mmoja na kupitisha uzi, kazi ambayo Mwingereza William Lee aliibunia mashine tangu mwaka 1589, akianza na soksi. Kroshia ni mambo mengine. Kila kitanzi kinamalizwa kabla ya kinachofuata kuanza, na ndoano inaweza kuingia popote: mbele, nyuma, pembeni, au kurudi kwenye mstari wa tatu chini. Hadi leo hakuna viwanda vinavyotoa kroshia halisi kwa wingi kwa mashine. Vile vitambaa vya matundu unavyoona madukani vimefanana tu kwa mbali. Ni vya mashine, na mara nyingi ukikagua pembeni utaona vimekatwa na kushonwa kwa cherehani.

Kwa hiyo ukikuta topu ya kroshia halisi inauzwa dukani kwa bei ya kutupa, jua kuna mtu mahali fulani aliyekaa na ndoano saa nyingi akalipwa karibu na bure. Na ile ya mtumba ni rahisi kwa sababu mtu mwingine aliinunua ikiwa mpya, akaivaa, akaichoka. Fundi wako hana mtu wa kwanza wa kumlipia.

Hebu tupige hesabu ya mfano. Tuseme uzi umemgharimu 1,200 na kazi imechukua saa 20. Akikuuzia thao mbili, amebaki na 800, yaani shilingi 40 kwa saa. Muulize mama anayefua nguo kwenye ploti yenu analipwa ngapi kwa siku, kisha ulinganishe. Na hapo hatujahesabu bando za kupakia picha, wala ile jioni aliyofumua mabega yote kwa sababu mteja alituma kipimo cha kifua cha mwaka juzi.

Kule Lamu hakuna anayeshtuka kofia iliyodariziwa kwa mkono ikiuzwa maelfu. Watu wanajua imekaa mapajani mwa mtu kwa muda mrefu. Ireland nako, wakati wa njaa kuu ya miaka ya 1840, wanawake walifunzwa kroshia ili wauze na kulisha familia zao, na kazi zao zikavaliwa na matajiri wa nchi nyingine. Uzi ule ule, ndoano ile ile. Tofauti ni mnunuzi kukubali kwamba analipia mikono.

Mafundi nao tuwaambie kitu. Huwezi kudai bei ya mbunifu huku topu yako ni nakala ya ile ile ambayo kila mtu ameipakua mtandaoni. Tuna hazina hapa na hatuigusi. Chukua leso: ina pindo, ina mji, ina jina. Kuna mtindo wa kroshia wa visanduku, kimoja kimejazwa na kingine kitupu, kama daftari la hesabu. Ukichora kwenye karatasi ya miraba kwanza, unaweza kufuma pindo la leso kuzunguka shali, hata ukaandika methali mgongoni mwa koti. Mistari ya kiondo pia inahamia kwenye mkoba bila shida. Hivyo mteja hawezi kukuambia ameona kama hiyo kwa jirani.

Kazi pia iwe safi. Fuma kwanza kipande cha kujaribia cha sentimita kumi kwa kumi, uhesabu vitanzi, ndipo uanze nguo, ukikiruka, utafumua. Mikia ya uzi ifichwe ndani kwa sindano, isikatwe tu na kuachwa ining'inie. Na kwa mteja wa Mombasa tumia pamba. Akriliki ni rahisi na rangi zake zinavutia, lakini kwenye joto la Pwani inageuka sauna.

Anayetaka kujifunza aanze na uzi mnene wa rangi isiyokolea na ndoano ya milimita 5. Uzi mweusi utakuficha vitanzi na utakata tamaa siku ya kwanza. Wavulana msijifiche. Mpiga mbizi Mwingereza Tom Daley alishinda dhahabu kwenye Olimpiki za Tokyo mwaka 2021, na siku chache baadaye akapigwa picha amekaa kwenye viti vya watazamaji akifuma, bila wasiwasi wowote.

Turudi kwenye pesa. Fundi, anza kuandika saa ulizoanza na ulizomaliza kila siku, hata kwenye simu. Ukishajua topu inakula saa ngapi, utaweza kutaja bei bila kutetemeka, na kuitisha nusu kabla hujanunua uzi. "Bei ya rafiki" mpe mama yako. Na wewe mnunuzi, kama mfuko hauruhusu, sema hivyo tu. Omba kofia badala ya gauni, au lipa kidogo kidogo kwa M-Pesa huku kazi ikiendelea. Unayepanga kwenda Diani Desemba, agiza Oktoba. Mwenye oda nne mkononi hawezi kukumalizia ya tano kwa siku tatu, hata ukimtumia pesa zote leo usiku.