Ziwa Lilipumzishwa, Simu Je?



Kila tunapozungumza na waamini wetu juu ya michezo ya kubashiri na mikopo ya simu, tunapewa jibu lile lile: “Baba Paroko, hayo ndiyo maendeleo, hayazuiliki.” Wazee hulisema kwa kukata tamaa, vijana hulisema kwa kiburi kidogo, na wasomi wetu hulisema kwa sauti ya mtu aliyekwisha kufunga mjadala. Juma hili tunataka kuupinga usemi huo waziwazi. Si wa kweli, na sisi wa mwambao wa Tanganyika ndio watu wa mwisho tunaostahili kuutamka.

Tarehe 15 Mei 2024 ziwa hili lilifungwa. Kwa miezi mitatu, hadi tarehe 15 Agosti, uvuvi ulisimama upande wetu wa Tanzania, kufuatana na makubaliano ya nchi nne zinazomiliki maji haya: Tanzania, Burundi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na Zambia. Mitumbwi ilivutwa nchi kavu, nyavu zikakunjwa, na usiku giza likatanda mahali tulipozoea kuona taa za wavuvi wa dagaa. Haikuwa jambo jepesi. Ziwa ndilo shamba la watu wa Kibirizi na Katonga, ndilo karo ya watoto wao, ndilo sadaka yao ya Jumapili. Wengi waliumia, na wapo waliodai kwamba waliumia kuliko walivyostahili. Hoja yao ni ya haki na inafaa kusikilizwa kila mara jambo kama hilo linapopangwa. Hata hivyo ziwa lilifungwa.

Sababu zake kila mvuvi anazijua. Mababu zao walivua kwa moto wa kuni na mafuta. Zikaja karabai, kisha taa za betri na za nguvu ya jua, nyingi zaidi na kali zaidi, pamoja na nyavu zenye matundu madogo zinazokomba hata vitoto vya samaki. Juu ya hayo, maji yenyewe yamepata joto. Wanasayansi walichapisha mwaka 2003 utafiti ulioonyesha kwamba kwa sababu ya joto hilo maji ya juu na ya chini ya ziwa hayachanganyiki kama zamani, na hivyo rutuba inayolisha samaki haipandi juu kama ilivyokuwa. Chombo kimeongezeka nguvu na ziwa limepungukiwa. Watu wakakaa, wakaamua: kwa muda, basi.

Tunauliza, basi, kwa upole lakini bila kuficha: ikiwa tuliweza kuusimamisha uvuvi, kazi halali, kazi ya Mtume Petro, chakula cha kila siku cha mji mzima, kwa nini tunaambiwa kwamba kibanda cha kubeti hakizuiliki?

Tusieleweke vibaya. Wapo wahubiri, na wengine si wa mbali, wanaopaza sauti kwamba simu ni ya shetani na intaneti ni mtego wa siku za mwisho. Hatuko pamoja nao. Tangu huduma za kutuma fedha kwa simu zianze nchini mwaka 2008, mama wa Ilagala anaweza kumtumia mwanawe nauli bila kumkabidhi dereva bahasha na kuomba Mungu. Huo ni wema, na tunaushukuru.

Tena mwambao huu si mgeni wa mambo mapya. Kulikuwa na wakati ambapo mzigo kutoka Ujiji hadi Bagamoyo ulisafiri vichwani mwa watu kwa miezi. Februari 1914 Reli ya Kati ikafika Kigoma, na safari hiyo ikawa ya siku chache. Ujiji, mji mkubwa wa biashara, ukashuhudia bandari ikihamia kwa jirani. Mwaka uliofuata ikashushwa majini meli ya Kijerumani iliyoletwa vipande vipande kutoka Papenburg, ikafungwa mizinga ya vita. Mwaka 1916 Wajerumani wenyewe wakaizamisha. Mwaka 1924 Waingereza wakaiibua. Mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba, na kwa miongo mingi ikabeba dagaa, mahindi, wanafunzi na wafanyabiashara. Mei 2015 ikawabeba wakimbizi wa Burundi waliokuwa wamekwama Kagunga, ikawaleta Kigoma. Chombo ni kile kile. Kubeba mizinga uliamuliwa na watu, na kubeba akina mama wenye watoto mgongoni kuliamuliwa na watu vilevile. Anayesema teknolojia hujiamulia yenyewe njia yake hajaitazama historia ya bandari yake.

Sasa tuje kwenye mikeka. Vijana wetu hutuambia kwamba kubeti ni akili, ni kuchambua mpira. Vema, na tuitumie akili hiyo. Tuseme kuna mechi ambayo timu mbili zina nafasi sawa kabisa ya kushinda, na sare haihesabiwi. Mchezo wa haki ungempa mshindi shilingi 2,000 kwa kila 1,000 aliyoweka. Kampuni itampa, tuseme, 1,850. Hiyo 150 haionekani kuwa kitu. Lakini mkeka hauna mechi moja. Panga mechi kumi za namna hiyo: nafasi yako ya kuzipatia zote ni moja katika 1,024. Malipo ya haki kwa shilingi yako elfu moja yangekuwa 1,024,000. Kampuni, kwa kuzidisha 1.85 mara kumi, itakulipa kama 469,600. Zaidi ya nusu ya haki yako imeliwa kabla mpira haujapigwa. Na kadiri unavyourefusha mkeka ukitamani donge nono, ndivyo unavyoliwa zaidi. Hapa uchambuzi wa mpira hausaidii sana, maana aliyepanga bei anao wachambuzi wake, na anao wengi. Kuhusu kile kindege kinachopaa katika kioo cha simu, ambacho kijana hukikodolea macho usiku kucha akisubiri aruke kabla hakijatoweka, hatuna hata la kuchambua. Hapo hakuna timu, hakuna kocha, hakuna mpira.

Wapo watakaotukumbusha kwamba hata parokiani huchezwa bahati nasibu kwa ajili ya bati za kigango. Ni kweli, na Katekisimu haisemi kwamba kila mchezo wa kubahatisha ni dhambi. Inasema, katika namba 2413, kwamba mchezo huo haukubaliki unapomnyang'anya mtu kile anachohitaji kwa ajili yake na kwa ajili ya wanaomtegemea. Tiketi moja ya kanisani mara moja kwa mwaka, ambayo aliyeinunua anajua fedha yake inaezeka nini, haifanani na mashine iliyo mfukoni saa zote, isiyolala, inayojua siku mshahara ulipoingia. Ndugu zetu Waislamu wa Ujiji, ambao tumekuwa majirani nao tangu Wamisionari wa Afrika walipofika pale mwaka 1879, hulisema jambo hili kwa ufupi kuliko sisi: kamari haramu, riba haramu. Twaweza kutofautiana nao katika maelezo, lakini kwa kibanda kilichoko mbele ya shule sisi na wao hatuna la kubishania.

Mikopo ya simu inatuumiza zaidi, kwa sababu wanaonaswa ni wale wasiokuwa na tamaa yoyote. Ni mama anayetaka mtaji wa dagaa au dawa ya mtoto. Anaomba 100,000. Anakatwa 20,000 kwanza, kwa majina mbalimbali ya ada. Anapokea 80,000, na baada ya siku 14 anadaiwa 100,000. Huo ni mfano tu, na wengine hutozwa zaidi. Ametozwa robo nzima ya fedha aliyoitumia, kwa majuma mawili. Akiendelea hivyo mwaka mzima, atakuwa amelipa zaidi ya mara sita ya ile 80,000, na deni bado lipo. Watu wameipa mikopo ya aina hii jina la kausha damu, na sisi hatuna jina bora.

Lakini riba siyo ubaya wake wote. Tazameni rehani yake. Torati, katika kitabu cha Kutoka sura ya 22, ilimwamuru mkopeshaji aliyechukua vazi la maskini kuwa rehani alirudishe kabla jua halijatua, maana ndilo shuka lake la usiku. Programu hizi hazichukui vazi. Siku ya kwanza zinamwomba mkopaji aziruhusu zisome orodha ya majina yaliyomo katika simu yake, naye kwa shida aliyo nayo anabonyeza “kubali”. Siku ya kuchelewa, ujumbe unatumwa kwa mama mkwe, kwa mwalimu mkuu, kwa mwenyekiti wa jumuiya, kwa yeyote: fulani ni mdaiwa sugu, mwambieni alipe. Kilichowekwa rehani ni heshima ya mtu mbele ya watu wake, na heshima hiyo hairudishwi jua linapotua. Tunao waamini waliokoma kuja jumuiya kwa sababu hii. Hawakumkana Mungu; wanaona haya tu.

Je, haya nayo hayazuiliki? Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilipiga marufuku programu na majukwaa 69 ya kukopesha kidijitali yaliyokuwa yakifanya kazi bila leseni. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ipo tangu mwaka 2022. Sheria ya Michezo ya Kubahatisha, ya mwaka 2003, inakataza walio chini ya miaka 18 wasicheze. Yanazuilika, basi; serikali yenyewe imesema hivyo kwa maandishi. Kinachopungua ni mtu wa kusimama mtaani na kuuliza kwa nini mtoto mwenye sare ya shule amesimama mbele ya dubwi akilimezesha sarafu. Tunajua pia kwamba michezo hii huiletea serikali kodi, na kwamba mwaka 2017 Simba na Yanga zote mbili zilivaa jezi zenye jina la kampuni ya kubashiri. Tunayasema haya tukiwa wapenzi wa mpira. Fedha inayotoka katika shida ya nyumba ya mvuvi haitakaswi kwa kupitia hazina ya taifa wala kwa kupitia kifuani pa mshambuliaji.

Kanisa halikuanza jana kusema hivyo. Papa Leo XIII, alipoandika Rerum Novarum mwaka 1891 juu ya wafanyakazi waliokuwa wakisagwa na mapinduzi ya viwanda, aliitaja riba ya ulafi miongoni mwa mateso yao. Papa Leo XIV alipochaguliwa Mei 2025 alieleza kwamba alichukua jina hilo akimfikiria mtangulizi wake huyo, kwa kuwa nasi tumo katika mapinduzi mengine. Naye Papa Fransisko, katika Laudato si' ya mwaka 2015, alionya juu ya kasi ya maisha inayopita mwendo wa viumbe wenyewe. Kasi hiyo ina faida kwa mtu. Mkopo unaotoka kwa dakika tatu usiku wa manane umetengenezwa utoke kwa dakika tatu, kabla mkopaji hajazungumza na mumewe, kabla hajalala, kabla hajafikiri.

Linganisheni na sanduku la vikundi vyetu vya kuweka na kukopa. Lina kufuli tatu, na funguo wanazo watu watatu tofauti. Halifunguki mpaka watatu hao wameketi pamoja na wanachama wakitazama. Vijana hulicheka kwamba ni la kizamani na linachelewesha. Ndiyo, linachelewesha, limetengenezwa lichelewe. Riba yake hurudi kwa wanachama wenyewe mwisho wa mwaka, na anayeshindwa kulipa hutembelewa nyumbani na watu wanaojua kwamba mtoto wake alikuwa hospitali.

Kwa hiyo tunaomba mambo machache, na tunayaomba kwa uzito. Mashindano ya vijana ya parokia hayatapokea jezi wala mpira kutoka kwa kampuni ya kubashiri, hata tukicheza na jezi zilizopauka. Mwamini mwenye fremu ya kupangisha na afikiri anampangisha nani. Tukijua kwamba kodi ya fremu inatoka kwenye madubwi, tutamwendea na kuzungumza naye, kwanza faraghani. Kila Jumuiya Ndogondogo itenge jioni moja kabla ya mwisho wa mwezi ujao, iulize bila kumtaja mtu ni nyumba ngapi zimenaswa na mikopo ya simu, na ione kama mfuko wake unaweza kumtoa hata mmoja. Aliyenaswa asiogope kuja ofisini. Anayepokea ujumbe wa kumchafua jirani yake aufute, asiusambaze, kisha aende akamjulie hali.

Wenyeviti wa jumuiya walete hesabu hizo, namba tu bila majina, kwenye kikao kijacho cha Halmashauri ya Walei. Kutoka hapo tutaandika barua kwa Manispaa juu ya vibanda vilivyo karibu na shule, na tutawaomba masheikh wa Ujiji waitie saini pamoja nasi.